Singa Kwenye Rodi ya Mafuta

Fundi hakuwa mtu wa kukimbilia boneti. Gari likiletwa gerejini, hata kama lilikuwa linatoka moshi na mwenyewe anahema kuliko injini, yeye alizunguka upande wa dereva, akavua viatu, akavipanga chini vizuri, akapanda kitini. Akaagiza injini izimwe. Kisha akaweka unyayo mtupu juu ya pedali ya mafuta, akaikanyaga polepole mpaka chini na kuiachia polepole mpaka juu, macho ameyafumba. Alirudia mara tano, sita. Mwenye gari alikuwa amesimama pale mlangoni akijitahidi asiseme kitu, maana ukisema Fundi alikuwa anaanza upya.

Nilimfahamu kwa miaka mingi, kwanza kwenye gereji ya shamba la mkonge karibu na Korogwe, baadaye upande wa Handeni, tulipopelekwa sote kuhudumia magari ya kuhamishia watu vijijini. Mimi nilikuwa dereva. Alizaliwa wapi na wazee wake walikuwa akina nani, sikumwuliza, na katika shamba lile watu hawakuulizana sana mambo hayo, kwa sababu nusu yetu baba zetu walikuja kukata mkonge na wakasahau kurudi. Alisema Kishambaa na Washambaa, Kizigua na Wazigua, na akikasirika alinyamaza. Sisi madereva alituita "abiria wa mbele". Kwa maoni yake gari huendeshwa na aliyelitengeneza, dereva amepewa tu kiti kizuri.

Naandika habari zake kwa sababu kuna neno nililomficha miaka tisa, na neno hilo ndilo lililomvunja. Msomaji alijue hilo mapema, asije akanisoma kama mtu mwema anayemkumbuka mwenzake.

Ugonjwa aliokuwa bingwa wake ni pedali ya mafuta kushika. Magari yetu yalikuwa ya petroli, makuukuu, na yote yalikuwa na tabia hiyo. Unakanyaga mafuta, gari linakwenda, unainua mguu, gari bado linakwenda. Anayejua hofu hiyo anaijua. Mafundi wengine waliikimbilia kabureta moja kwa moja, wakaifungua, wakaisafisha, wakaifunga, na kesho yake gari likarudi na ugonjwa uleule. Fundi alikuwa na njia yake. Alisema kila gari lina mguu, mkono na koo. Mguu ni pedali, mkono ni rodi inayotoka kwenye pedali kwenda mbele, na koo ni kabureta yenyewe, mle ndani kwenye kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Kitu kimoja kati ya vitatu ndicho kinachoshika, na huwezi kukijua vikiwa vimeungana. Kwa hiyo alichomoa rodi kwenye kabureta. Akakanyaga pedali. Ikirudi vizuri, mguu na mkono wameachiwa huru. Halafu akakisukuma kwa kidole kiwiko cha kwenye kabureta kinachokizungusha kile kibati, akasikiliza kama kinarudi kwa nguvu ya springi au kinasita.

"Tenganisha kwanza, ndipo ulaumu," alisema, na akilisema neno hilo hakuwa anafundisha, alikuwa anajikumbusha mwenyewe.

Siku moja Bwana Shamba alileta gari lake akilalamika kwamba kabureta imekufa na kwamba ameshaandika barua Tanga kuomba mpya. Fundi alivua viatu, akapanda, akakanyaga mara moja tu, akafumbua macho. Akainama, akavuta kutoka chini ya pedali ngozi ya mbuzi ambayo Bwana Shamba alikuwa ameitandika ili asichafue viatu vyake. Ukingo wa ngozi ulikuwa umejikunja nyuma ya pedali. Tulicheka mpaka machozi, lakini Fundi hakucheka. Aliendelea na kazi kama kawaida, akachomoa rodi, akapima mkono, akapima koo, vyote vizima. Bwana Shamba akamwuliza, "Sasa Fundi, si umeshaona ni ngozi?"

"Nimeona ngozi," alijibu. "Sijaona kama ni ngozi peke yake."

Bolti alizozifungua hakuziweka chini. Alikuwa na kanga kuukuu ya mkewe, aliitandika kwenye ubao na kupanga juu yake kila kitu kwa mfuatano kilivyotoka, kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka washa ya bolti iliyo ndogo kuliko punje ya mtama. Ukipita na kuigusa kanga ile kwa bahati mbaya, siku hiyo hukusemeshwa. Nakumbuka mbuzi wa mlinzi alipita juu yake, na Fundi akamsemesha mlinzi baada ya wiki mbili.

Kwa watu alifanya vilevile. Waliwahi kugombana majirani wawili, wanawake, kwa ajili ya kuku aliyepotea, na balozi wa nyumba kumi alikuwa anawasikiliza kwa pamoja uani kwake, kila mmoja akimkatiza mwenzake, na mtaa mzima umejaa kushangilia. Fundi alipita na baiskeli yake, akasimama. Akamwambia balozi, "Mheshimiwa, hao umewafunga pamoja. Utajuaje anayeshika?" Balozi akamkalisha mmoja ndani na mwingine kwa jirani, akawasikiliza mbalimbali, na kabla ya adhuhuri ikajulikana kwamba kuku aliliwa na mume wa mmoja wao, tena kwa siri, tena na rafiki zake. Mtaa ulicheka mwezi mzima. Tangu siku hiyo Fundi aliitwa kwenye kila kikao, na yeye hakuna kitu alichokichukia kama vikao, na hakukosa hata kimoja.

Alikuwa na mambo mengine ya namna hiyo, yasiyopatana. Fundi huyu, aliyeweza kusikia injini ya lori ikipanda mlima wa Kwashemshi na kukwambia kwamba plagi ya tatu ina kasoro, hakujua kuendesha gari. Hakutaka hata kujifunza. Alipanda baiskeli, na kwenye mteremko alishuka akaikokota. Nilipomtania kwamba anaogopa mwendo, alikubali papo hapo, akiniita mgosi, kama Washambaa wanavyoitana wanaume. "Naogopa, mgosi. Mimi najua mle ndani kuna nini." Chai yake aliinywa bila sukari, akisema sukari inamziba, lakini mgeni akija nyumbani kwake, hata wakati sukari ilipokuwa ya kutafutwa kwa kujuana, alihakikisha ametiwa vijiko vitatu, na alisimama kuangalia vikikorogwa. Alikuwa mkali kwa uchafu wa grisi, akinawa kwa majivu na ndimu kabla ya kila sala mpaka ngozi ya vidole ikapauka, na papo hapo alivaa shati moja la kazi mwaka mzima.

Sasa niseme habari ya singa.

Singa ni zile nyuzi za mkonge zilizokwisha kuchakatwa kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, zikaanikwa na kukauka. Kwetu shambani singa ilikuwa dawa ya kila kitu. Mpini wa jembe ukilegea, unazungushia singa. Bomba likivuja kwenye maungio yake, singa. Mlango ukigonga, singa. Watoto walizichezea, wanawake walisugulia masufuria. Mtu wa pwani akiona kitu kimelegea hutafuta msumari, sisi tulinyoosha mkono kuokota singa, tena bila kufikiri, kama mtu anavyojikuna.

Fundi alituambia madereva, si mara moja wala mbili, kwamba singa haikai kwenye rodi ya mafuta. "Bomba liwekee singa, kwa sababu bomba unataka lishike. Rodi hutaki ishike." Mkonge ukipata umande hunenepa, ukipata jua hukonda. Gari litakuwa zima saa saba mchana na litakuwa gonjwa alfajiri, na utamtafuta mchawi. Pale kwenye kifundo cha rodi, mahali inapoungana na kiwiko cha kabureta, alitumia kipande cha ngozi ya kiatu kilicholowekwa kwenye oili, amekikata kwa wembe kwa kipimo cha jicho lake.

Hata hivyo yeye mwenyewe aliitumia singa, na hili madereva wote tulilijua. Vipuri vilipokosekana kabisa, alizungushia singa kwa muda, akalijaribu gari pale pale uani ili ajue nafasi ya kulegea ni kubwa kiasi gani, kisha akaitoa na kukata ngozi ya unene uleule. Alikuwa anaitoa kila mara. Nasema kila mara kwa sababu nilimwona.

Lori nililokuwa nikiendesha wakati ule wa kuhamia vijijini lilikuwa na kifundo kilicholika. Rodi ilikuwa inachomoka yenyewe mlimani, mafuta yanakatika, na watu na vyombo vyao wako juu. Kifundo kipya kiliombwa, na majibu yalikuwa kwamba kinatafutwa. Wiki ya ajali nitakayoieleza, Fundi alilifanyia kazi lori hilo. Alizungushia singa, akapima, akaitoa, akaweka ngozi. Niliondoka nalo.

Siku ya pili, nikiwa nimetoka Kwashemshi na mbao za kujengea, ngozi ikadondoka njiani. Rodi ikachomoka. Nilisimama pembeni, nikafungua boneti, nikaona. Nilikuwa na haraka, watu walikuwa wananisubiri tangu asubuhi, na kamba iliyofunga mbao ilikuwa ya mkonge. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilinyofoa nyuzi chache, nikazungushia kifundo, nikabana, rodi ikakaa vizuri kuliko wakati wowote. Nikasema nitamwambia Fundi nikirudi. Niliporudi sikumwambia, kwa sababu niliogopa kunyamaziwa. Ndiyo hivyo tu. Mtu mzima, mwenye mke mjamzito nyumbani, niliogopa kununiwa na fundi wa gari.

Asubuhi ya kesho yake kulikuwa na manyunyu. Nilipakia kaya moja kuipeleka kijiji kipya upande wa Kabuku. Mwenye kaya alikuwa mzee wa Kizigua, mpole, ambaye alikubali kuhama kwa sharti kwamba mlango wa nyumba yake ya zamani uende naye, kwa kuwa aliuchonga mwenyewe. Tukauweka juu ya mizigo, naye akakaa juu ya mlango wake. Mke na watoto walikuwa wametangulia. Tulipokaribia kijiji, kwenye mteremko wa mwisho, niliinua mguu na lori halikupunguza mwendo. Nikaipiga pedali teke. Haikurudi. Fundi alikuwa ametufundisha wote kwamba mafuta yakishika usipigane na pedali, zima swichi. Nilipigana na pedali. Nilipokumbuka swichi tulikuwa tayari kwenye kona, na lori likaacha njia likaingia kwenye nguzo za zahanati iliyokuwa inajengwa. Mzee yule alirushwa pamoja na mlango wake. Hakufa. Alivunjika nyonga, na tangu siku hiyo hakutembea tena bila magongo mawili.

Wakati ule ajali ya lori la kuhamishia watu haikuwa ajali tu. Kulikuwa na waliokuwa hawataki kuhama, na kulikuwa na waliotumwa kuhakikisha wanahama, na kila kitu kilichoharibika kilitafutiwa mtu. Jioni ile nilisikia neno "hujuma" likitajwa pamoja na jina langu. Neno hilo lilikuwa linaondoka na watu. Nilirudi nyumbani nikamkuta mke wangu anachambua mchele, nikaketi kumsaidia.

Kamati ilikaa kesho yake, nje ya ofisi ya kijiji. Alikuwepo mwenyekiti, katibu, na bwana mmoja kutoka wilayani aliyechomeka kalamu mbili mfukoni. Fundi aliitwa alikague lori. Alifika na baiskeli, tope mpaka magotini. Niliketi kwenye benchi nikimwangalia, nikijua kwamba sasa atavua viatu, atakaa kitini, atapima mguu, atapima mkono, na mwisho ataniangalia.

Hakuvua viatu. Siku ile, mara ya kwanza tangu nimjue, alikwenda moja kwa moja kwenye boneti. Akaifungua. Akainama. Akakaa vile ameinama kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mkono akazungusha kitu na kukichomoa, akarudi nacho mbele ya kamati kwenye kiganja. Ilikuwa singa, imelowa, imevimba, nyeusi kwa oili.

"Hii ndiyo iliyoshika," alisema.

Bwana wa wilayani akauliza, "Nani aliweka?"

Nilifungua mdomo. Mungu ni shahidi, niliufungua. Lakini Fundi alikuwa ameshaanza kujibu.

"Mimi. Wiki hii nilipima kwa singa. Nilidhani nimeitoa. Sikuitoa. Dereva hana kosa, yeye alipewa gari bovu."

Nilifunga mdomo. Sina maneno mazuri ya kulipamba jambo hilo. Nilifunga mdomo wangu na nikahisi moyo unashuka mahali pake, na nikashukuru. Mwenyekiti, ambaye alimheshimu Fundi, alimwuliza mara mbili kama ana hakika, na mara zote mbili alisema anayo. Aliniangalia mara moja, na nilidhani ameniona. Hakuniona. Alikuwa anaomba radhi.

Hawakumfunga. Mtu aliyejisema mwenyewe ilikuwa vigumu kumwita mhujumu, na yule mzee aliyevunjika, akiwa bado kitandani, alituma ujumbe kwamba hataki mtu ateswe kwa ajili ya nyonga yake. Iliamuliwa tu kwamba Fundi asiguse tena gari la umma. Wengi walidhani atakwenda kufungua gereji yake mjini Korogwe, na wateja angewapata tele. Hakufungua. Alizikabidhi spana zake gerejini kwa kuzihesabu moja moja juu ya ile kanga, akamchukua mkewe, wakahamia Magoma kulima mahindi. Nilikwenda kumuaga. Aliniambia, "Nisamehe, mgosi. Ningekuua." Na mimi nikamjibu, "Yamepita, Fundi."

Nikaendelea kuendesha. Miaka tisa. Mtoto alizaliwa, akafuatiwa na wengine. Nilisifiwa kwa uangalifu, maana baada ya siku ile hakuna dereva aliyekagua rodi yake kama mimi. Habari za Fundi nilizisikia kwa mbali, na kila niliposikia kuna mtu anakwenda Magoma nilitafuta pa kuangalia. Nilijiambia kwamba yeye mwenyewe alisema. Nilijiambia kwamba huenda kweli aliacha singa yake, na yangu ikakaa juu ya yake. Ukiwa na nia ya kujidanganya hukosi nyenzo.

Kisha yule mzee wa magongo alifariki, kwa uzee. Nilikwenda mazikoni. Baada ya maziko tuliketi mkekani, na kaka yake marehemu akaomba dua. Aliwaombea wengi, na mwishoni akasema, "Na yule fundi aliyemvunja ndugu yetu, popote alipo, Mungu amsamehe, sisi tumemsamehe." Watu wote wakaitika amina. Na mimi niliitika. Nilisikia sauti yangu ikisema amina, na hapo ndipo nilipojua kwamba sitaweza kuendelea.

Nilikwenda Magoma wiki ileile. Nyumba yake nilielekezwa na kijana aliyekuwa ameketi kando ya njia na baiskeli iliyokatika mnyororo. Nilimwambia, kwa kutaka mazungumzo tu, "Mbona unateseka hapa na nyumba ya fundi ile pale?"

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Fundi gani, mzee? Yule pale ni mkulima. Hata jembe lake anawekewa mpini na watu."

Nilimkuta shambani nyuma ya nyumba, anapalilia. Alikuwa amezeeka kwa haraka, lakini mgongo ulikuwa bado umenyooka. Nilitoa shikamoo, akaitikia, "Marahaba mgosi," kwa furaha ya kweli, na hiyo furaha ilinichoma. Aliniuliza habari za nyumbani, za watoto, za kila dereva kwa jina. Tulikwenda kuketi uani. Mkewe alileta chai, akatia sukari, naye Fundi akaangalia ikikorogwa. Niliona vidole vyake. Vilikuwa vimejaa udongo na sugu za jembe, na havikutulia. Alivishika kimoja baada ya kingine kama mtu anayehakikisha kwamba vyote vipo.

Sikunywa chai. Nilimwambia. Nilimwambia ngozi ilivyodondoka, nilivyonyofoa nyuzi za kamba, nilivyozungushia, na kwamba niliketi pale kwenye benchi na kunyamaza.

Hakushtuka. Aliinama mbele kidogo, akafumba macho, akaanza kuuliza maswali. Ilikuwa siku gani? Saa ngapi? Kamba ilikuwa mpya au kuukuu? Nilizungusha mara ngapi? Nilijibu kila swali. Halafu akauliza, "Ulizungusha kuelekea wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono. "Hivi. Kulia."

Alinyoosha kidole, akakizungusha hewani upande wa pili.

"Mimi huzungusha kushoto," alisema. "Maisha yangu yote. Pale kwenye lori niliona imezungushwa kulia. Niliona, mgosi. Nikasema basi, mikono yangu imeanza kufanya mambo bila mimi kujua." Akavitazama vidole vyake. "Tangu siku hiyo sijathubutu kufunga hata skrubu. Jirani akiniletea jembe namwambia sijui. Mjukuu wangu alitaka nimtengenezee kigari cha kuchezea, nikamwambia sijui. Nilikuwa naiogopa mikono hii, mgosi. Naiogopa kama ya mtu mwingine."

Nilishuka kwenye kigoda nikapiga magoti. Nililia, na sioni haya kuliandika. Nilisema nisamehe, nikasema tena.

Hakunigusa, wala hakunitukana. Aliita kuelekea jikoni, "Mama! Njoo. Huyu mgosi ana neno." Mkewe akatoka, akijifuta mikono kwenye kanga, akitabasamu kwa mgeni. Fundi akaniambia, "Rudia."

Nikarudia, nikiwa bado chini. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa kuwa mama yule alikuwa ananisikiliza uso kwa uso, na niliona tabasamu lake likiondoka kidogo kidogo. Nilipomaliza hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi.

"Na wale wenye mzee wao," aliuliza, "wanajua?"

"Hawajui, mama. Mzee amefariki wiki hii."

"Alifariki akimtaja nani?"

Aligeuka akarudi jikoni. Fundi naye akasimama, akachukua jembe lililokuwa limeegemea ukuta.

"Basi bado hujasema," aliniambia. "Umeniambia mimi tu." Akaondoka kwenda kumalizia mistari yake ya mahindi, na kule shambani nilimsikia akianza kupalilia.

Kwetu mtu akiomba radhi huambiwa yamepita, na mara nyingi huambiwa kabla hajafika mwisho wa sentensi, ili asiaibike zaidi. Hata mimi nililitamka neno hilo, tena kwa mtu ambaye hakuwa na kosa. Fundi hakulitamka. Nilingoja pale uani kwa muda, nikijua kwamba nasubiri neno ambalo haliji, kisha nikaaga kuelekea jikoni, sikuitikiwa, nikatoka kutafuta gari la Kabuku. Nilipofika, wafiwa walikuwa bado wako matangani, mikeka haijakunjwa, na kaka yake marehemu alikuwa ameketi mlangoni akipokea watu.